Klachi ya Sikukuu ya Mavuno

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Klachi imekufa! Imefia kwenye mlima wa Rhotia, mbele za watu, nikiwa navuta tela la matofali. Injini inanguruma, gari halisogei. Nikakanyaga mafuta zaidi. Likaanza kurudi nyuma. Nikasikia harufu kali, nikadhani kuna mtu anachoma kwato za mbuzi kando ya barabara. Kumbe ni mimi.

Mkokoteni wa punda ukanipita. Mwenye punda akanisalimia kwa heshima zote. Hiyo iliniuma.

Lakini aliyeniuma zaidi ni Gideon. Huyu naye anavuta matela hapa Karatu, ana Landkruza kama yangu, ila yake huipiga polishi. Alinipita, akasimama, akarudi rivasi mita mia nzima ili aniulize kama nahitaji msaada. Ananiita shemeji, kwa sababu yeye na mke wangu Judith wote ni wa Endamarariek. Nikamwambia naangalia mandhari. Akasema kweli ni nzuri, akaniachia chupa ya maji. Nani alimwomba maji?

Na Jumatano ijayo, tarehe 13, natakiwa nivute mashine ya kusaga hadi Digodigo! Akina mama wa kule wameichangia miaka miwili. Mwenyekiti wao, Mama Namelok, alisoma na Judith, na Judith ndiye aliyenisemea nipate kazi. Leo jioni amenitamkia bila kupaza sauti. (Akipaza sauti huwa kuna nafuu.) Amesema alinidhamini kwenye mradi wa sungura, akanidhamini kwenye mahema, na sasa hii ni mara ya mwisho jina lake linatoka kwa ajili yangu. Mashine isipofika Jumatano, nisimtume tena kwa mtu.

Itafika. Mimi ni Thadei wa Rombo. Sisi hatushindwi na chuma.

Jumanne, 5 Agosti

Gari limekokotwa hadi gereji kwa Felista. Limekokotwa na nani? Na Gideon. Sitaki kuliandika zaidi hilo.

Felista ni fundi wa cheti, na ana ugonjwa wa mafundi wenye vyeti: anaeleza. Ameshusha giaboksi akanionyesha sahani ya klachi. Imelika hadi kwenye ribiti. Akauliza kama huwa naendesha mguu ukiwa umepumzika juu ya pedali. Nikasema kamwe. Akautazama mguu wangu wa kushoto kwa muda mrefu.

Kisha hotuba. Klachi ya gari la kuvuta haichaguliwi kwa macho, kaka Thadei. Kwanza unapima ya zamani, upana wake na meno ya katikati, unalinganisha na injini. Pili unanunua seti nzima, sahani, presha pleti na beringi, maana ukiweka kipya juu ya kikuukuu umetupa vyote. Tatu, usichukue nyepesi ya gari la kwenda sokoni, itaungua mlima wa kwanza. Wala usichukue zile kali za mashindano, zinashika kwa kushtukiza na tela litakurukia mgongoni. Unataka inayobana kwa nguvu lakini inayoshika polepole, ili mzigo uanze kuondoka bila kujua. Na iwe imefungwa kabla ya Jumapili, kwa sababu klachi mpya inahitaji siku chache za mwendo mwepesi kabla ya kubebeshwa mzigo.

Ameniandikia vipimo vyote kwenye kipande cha katoni. Nimekipokea kwa shukrani. Sitakitumia. Fundi akikuandikia kitu cha kununua, ujue ana chake huko dukani. Sikuzaliwa jana.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani kwa Mama Bertha. Ana spea za kila kitu kinachotembea Karatu, na pia ni mzee wa kanisa. Alinitajia bei ya seti sahihi. Ilibidi nikae juu ya ndoo ya girisi.

Nikiwa hapo chini nikaliona boksi jipya kwenye rafu, limefungwa utepe mwekundu. Nikauliza ni la nini. Mama Bertha akasema hiyo ni sadaka yake ya Sikukuu ya Mavuno, Jumapili hii. Mkulima analeta mahindi, mfugaji analeta mbuzi, yeye analeta kilichomo dukani mwake. Ni klachi!

Nilisimama haraka hadi nikajigonga kwenye sailensa iliyoning'inia.

Tazama hesabu yangu. Sadaka za mavuno hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Nani atakuwepo? Wakulima wa vitunguu na akina mama wa kwaya. Nani kati yao anahitaji klachi? Hakuna. Nitainyanyua kwa bei ya kuku! Nikamuuliza Mama Bertha, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ni imara. Akasema hawezi kumtolea Mungu kitu dhaifu, hiyo inavuta tela lolote na mlima wowote. Nikamwambia abarikiwe. Nilimaanisha.

Judith ameuliza kama nimenunua. Nimesema ipo mikononi mwa Mungu. Si uongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwona Gideon anatoka dukani kwa Mama Bertha! Gideon anasali usharika wetu. Naye ana mkono mwepesi wa kupandisha bei. Mwaka jana alimpandishia Mchungaji jogoo hadi Mchungaji mwenyewe akamwomba ashuke.

Ilibidi nifanye kitu. Nimekwenda kunyolewa kwa Fabian. Sikuwa na nywele, nilinyoa Jumamosi. Lakini kumpa Fabian siri ni sawa na kuipeleka redioni. Nikamnong'oneza kwamba ile klachi ya sadaka, inasemekana, iliwahi kufungwa kwenye gari la mtu, ikarudishwa, ikapanguswa, ikatiwa utepe. Basi. Sikumwita mtu mwongo. Nilisema "inasemekana".

Saa kumi jioni muuza parachichi wa stendi ananisimulia mimi mwenyewe kwamba klachi ya Mama Bertha imetoka kwenye gari lililopinduka na wageni saba huko kona za juu, na kwamba ikiachwa peke yake inalia ndani ya boksi. Nikashtuka. Nilikubali kabisa kwa dakika moja hivi.

Mpango unakwenda vizuri kupita kiasi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Maduka nusu yamefungwa.

Mama Namelok amepiga simu kutoka Digodigo. Nyumba ya mashine imekamilika, mlango umepakwa rangi ya bluu. Akina mama wameshapanga zamu. Kuna bibi mmoja ambaye amekataa kutwanga tangu Jumatatu, ameyaweka mahindi yake kwenye ndoo, anasema amechoka kutwanga tangu enzi za Mwingereza na hatatwanga tena, atasubiri mashine. Anakula viazi tu. Mama Namelok akacheka, kisha akaniita kwa jina la binti yetu: Baba Evelyn, utakuja kweli?

Nikamwambia Jumatano kabla jua halijazama. Nikaapa kwa jina la marehemu baba. Baada ya kukata simu nikahesabu siku kwa vidole, mara mbili.

Nasikia Mama Bertha amezipata zile habari za klachi, na amelia. Hilo sikulipanga. Nilitaka kwenda kumwambia ukweli, nikafika hadi mlangoni, nikamkuta Gideon anapakia boksi fulani kwenye gari lake. Nikageuza. Siwezi kutubu mbele ya Gideon.

Jumamosi, 9 Agosti

Felista amepiga mara tatu. Anataka kuiona klachi, aipime kabla ya kufunga. Nimemwambia ni surprise. Akasema klachi si keki.

Mchana nikaenda kwa Mwinjilisti Nehemia, ndiye mnadi. Nikampelekea mkungu wa ndizi. Nikampa wazo kwamba vitu vigumu, kwa mfano vya chuma, vinadiwe mwisho, watu wakiwa wamechoka na njaa imewashika. Nehemia akasema ataliombea. Kisha akauliza ule mkungu ni wa sadaka au wa nyumbani. Nikasema wa nyumbani. Akauita mkewe, yaani akamwita mkewe. Nimechoka, hata kuandika nakosea.

Jumapili, 10 Agosti

NIMEIPATA!

Nitaandika bei kwa kuku. Nikiandika kwa shilingi Judith anaweza kuisoma.

Ibada ndefu. Mnada ukaanza saa saba. Mkungu wangu wa ndizi ulikuwepo, Nehemia kauleta sadaka, na uliuzwa mara nne kwa sababu kila aliyeununua aliurudisha. Ndiyo desturi yetu: ukishinda, mnadi anakuuliza mbele ya watu kama unakwenda nacho nyumbani au unamrudishia Bwana, na kwaya inaanza kuimba polepole ikikutazama.

Klachi ikaja ya mwisho. Ilibebwa na vijana wawili wa kwaya! Boksi kubwa kuliko nilivyolikumbuka, limefungwa plastiki ya kiwandani. Moyo ukaruka. Kubwa maana yake nguvu. Nehemia akaulizia bei, kimya. Watu wakasogea nyuma hatua moja. Mama mmoja akaweka sikio asikie kama inalia. Nikanyoosha mkono kwa utulivu: kuku mmoja.

Bibi Angelina wa Endamarariek akasema wawili.

Bibi Angelina! Hana gari. Hajawahi hata kukaa mbele kwenye gari. Nikasema watatu, akasema wanne. Nikamfuata nikamnong'oneza, shikamoo Bibi, hii ni klachi. Akasema marahaba, anajua, yeye anataka boksi, kuku wake wanaatamia na hana pa kuwaweka. Nikamwahidi boksi. Akasema ahadi za watu wa mnadani anazijua, akapanda hadi kumi na wanne. Nikampiga na kumi na tano. Gideon yeye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mgrevilia, hakunyanyua hata kidole. Alipiga makofi.

Nehemia akauliza: nyumbani, au kwa Bwana? Kwaya ikaanza. Mchungaji akanitazama. Judith akanitazama. Mama Bertha, macho bado mekundu, akanitazama. Nikafungua mdomo niseme nyumbani. Likatoka neno Bwana.

Shangwe! Vigelegele! Nikapigiwa saluti na brigedi ya watoto wa kanisa. Na klachi ikarudi mezani, na Bibi Angelina akaanza upya na wawili.

Mara ya pili nimeipata kwa kuku thelathini. Safari hii sikusubiri swali. Nililikumbatia boksi na kukimbia nalo hadi barabarani, kwaya ikiwa imefika ubeti wa kwanza. Mgongo umepinda.

Dukani seti sahihi ilikuwa kuku arobaini. Sitaki kujumlisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Felista alikata plastiki, akafungua boksi, akaangalia. Akafunga boksi. Akaenda kuvuta kigoda, akaniambia niketi.

Ni klachi ya lori la tani kumi.

Ile sahani ni kubwa kama sinia la harusi. Haiingii. Nimemwomba ajaribu kwa pembeni. Nimemwomba aichonge kidogo kando kando. Akaniuliza kipande chake cha katoni kiko wapi. Nikasema kipo. Akasema kipo lakini kiko wapi.

Nikakimbia kwa Mama Bertha. Hapo ndipo nilipopigwa. Klachi ya kwanza, ile ya utepe mwekundu, ilikuwa ya Landkruza. Seti nzima, vipimo vile vile vya Felista! Judith ndiye aliyekuja kumwomba tangu Jumanne aiweke kwenye sadaka, akasema mume wake dukani hatanunua hata iweje, lakini akidhani anamzidi mtu akili atanunua. Mke wangu! Kisha yakaja yale maneno ya mitaani kwamba ina mkosi. Mama Bertha akaona aibu kumtolea Mungu kitu chenye jina baya, akaleta ya lori, mpya, imefungwa kiwandani, ya thamani kubwa zaidi, ili watu wanyamaze.

Na ile nzuri? Hakuna aliyeitaka tena. Amemwachia Gideon Ijumaa. Kuku kumi.

Mama Bertha akaniuliza kama nimesikia ni nani aliyeanzisha maneno yale. Nikasema midomo ya watu ni mibaya sana. Nikamwomba abadilishe. Akasema kilichokwisha kutolewa madhabahuni hakirudi rafuni, hiyo ni kanuni yake. Jioni Bibi Angelina amekuja kuchukua boksi. Amelisifia.

Jumanne, 12 Agosti

Kesho ndiyo siku. Sina klachi, sina kuku.

Felista amerudisha ile kuukuu ili gari litoke uani kwake. Kaniagiza liende nyumbani tu, taratibu, bila tela. Lakini madereva wa safari wana dawa yao ya porini: klachi ikiteleza unaimwagia soda ndani, sukari inanata. Nimeimwagia chupa sita. Nikafunga tela. Nikatia gia.

Ikashika! Likaondoka! Nililia machozi, kweli. Nilikwenda hatua hamsini nikiimba.

Likafia katikati ya barabara ya kwenda lango la Ngorongoro, saa nane mchana, magari ya watalii kumi na manne nyuma yangu. Kisha wakaja nyuki, kwa ajili ya soda. Nilikaa ndani na vioo vimefungwa saa nzima. Mgeni mmoja alinipiga picha kwa lenzi ndefu.

Judith alikuja kwa miguu, akasimama mbali na nyuki, akanitazama kupitia kioo. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu. Hilo limenikaa kifuani hadi sasa.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika nikiwa Digodigo. Mashine imefika! Imevutwa na Gideon. Judith alimpigia tangu Jumatatu.

Niliagizwa nije, kwa kuwa niliapa. Judith alikaa mbele. Mimi nyuma kwenye benchi, nikitazamana na mashine njia nzima, Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, vumbi lote likiwa langu. Kisha ukaja mwinuko mkali. Nilifunga macho. Nilisubiri kishindo, nilisubiri harufu. Nilisubiri kwa matumaini, Mungu anisamehe. Lakini Gideon aliachia mguu polepole, na tela likaanza kupanda bila hata mnyororo kulia. Klachi ile ilikuwa tamu. Ilikuwa klachi yangu. Niliona wivu hadi meno yakaniuma.

Akina mama walitupokea kwa nyimbo. Bibi wa ndoo alikuwa wa kwanza kusaga. Aliushika unga ukiwa bado wa moto, akaupaka usoni, akacheka, kila mtu akacheka. Hata mimi nikafurahi, hilo naliandika wazi.

Halafu wakamtaka dereva aseme neno. Gideon akasimama, akasema shukrani zote ni za shemeji Thadei. Bila Thadei kwenda kwa Fabian kinyozi, yeye asingepata klachi nzuri namna ile kwa bei ile. Watu wakanipigia makofi mengi. Judith hakupiga.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumerudi. Nimekwenda kwa Mama Bertha kutubu. Alikuwa ameshasikia. Amenisamehe kwa sharti nifagie kanisa miezi mitatu.

Na huruma ya Mungu haina mwisho! Mama Bertha amempata mwenye lori anayeitaka klachi yangu, na malipo yake yanatosha seti sahihi ya Landkruza, mpya. Felista ataifunga Jumamosi. Mama Namelok ana vikundi viwili vingine, huko Sale, vinavyotaka mashine zao mwisho wa mwezi, na Judith amechukua simu na kunisemea tena. Amesema hii sasa ndiyo ya mwisho kabisa. Nimemshika mkono. Nimemwambia ujanja nimeuacha. Kazi yangu ni moja, kuibeba klachi kesho asubuhi hadi dukani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamka mtu mpya. Nimeibeba klachi begani hadi njia panda, nikapumzika. Hapo nikamkuta Loserian, mfugaji wa huko juu Ngorongoro, amekuja kuuza ndama. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamweleza. Akasema yeye ana lori la tani kumi, lipo bomani kwake, kitu pekee alichoambiwa kimeharibika ni klachi.

Nikakaa chini. Nikafikiri. Watu wote hawa, Felista na vyeti vyake, Mama Bertha, hata Judith, wanahangaika kutafuta klachi inayofaa gari. Hakuna aliyewahi kuwaza upande wa pili. Mimi klachi ninayo! Kinachokosekana ni gari tu. Na lori la tani kumi linapeleka mashine zote mbili za Sale kwa safari moja, Gideon akiwa bado anapaka polishi.

Tumekubaliana. Ninampa Landkruza, ananipa lori. Tumeshikana mikono, na nyuki waliobaki ndani ya Landkruza amewakubali pia, anasema hawana shida. Lori halina injini, mbuzi wanalala ndani, lakini Loserian ameapa kwamba usukani ni mzima. Aliniuliza kama ningependa kwenda kulitazama kwanza. Nimemwambia hakuna haja, nimeshampa funguo.

Judith nitamwambia mwisho wa mwezi, mbuzi wakishazoea kulala pengine.